Kufundisha kuchora na kuhariri sauti kwa kompyuta: mwongozo wa kujitolea kwa askari wa zamani wenye ulemavu, Lubumbashi

Kosa la kwanza la mwalimu wa kujitolea ni kushika kipanya cha mwanafunzi. Anaona mkono unatetemeka, au kigutu kinatafuta kitufe bila kukipata, anaingilia kati, kazi inakwisha kwa sekunde 5, na mwenye kuja kujifunza anageuka mtazamaji. Mtu aliyeacha mguu, mkono au macho jeshini amekwisha kufanyiwa mengi na wengine: kubebwa, kuvishwa, kuandikiwa barua, kusemewa ofisini. Hapa anakuja kutengeneza kitu kwa nguvu zake. Kwa hiyo kazi yako kubwa hufanyika kabla ya somo: kupanga chumba, mashine na zoezi ili mikono yako ikae mgongoni saa zote mbili.

Jua unaowafundisha

Askari wa zamani wa Lubumbashi si kundi moja. Wapo wazee wa FAZ, jeshi la Zaire lililokoma mwaka 1997. Wapo waliokuwa FAC, jeshi lililofuata, kati ya 1997 na 2003, na waliotoka FARDC, jeshi la sasa, baada ya hapo. Wapo pia wazee wa upande wa pili wa vita vya Shaba (jina la Katanga wakati huo) vya 1977 na 1978, wale walioingia kutokea Angola. Aliyekuwa vitani Kolwezi mwaka 1978 akiwa na miaka 22 leo ni mzee, na jirani yake wa meza huenda siku ile alikuwa upande mwingine. Usimuulize mtu mbele ya wenzake alipigana wapi. Usipange viti kwa majina. Waache wachague wenyewe, kisha kila mmoja abaki na kiti chake hadi mwisho wa mafunzo. Aliyeumia kichwa hasa anahitaji hivyo, maana kukumbuka mahali pa kukaa na mashine ipi ni yake kunamla nguvu ambazo ungetaka azitumie kwenye kazi.

Muulize kila mtu anataka kuitwaje. Mmoja atapenda cheo chake kitajwe. Mwingine alikiacha cheo kambini na anataka Papa tu, au Mzee. Wanawake waliotumikia jeshi wapo, na mara nyingi hawajiiti wenyewe askari wa zamani hadi uulize. Waalike kwa kuwataja wazi.

Kuhusu lugha: Kiswahili ni cha mji, Kilingala kimekuwa lugha ya jeshi, na menyu za programu ziko kwa Kifaransa. Andaa karatasi moja yenye maneno 20 ya menyu kwa herufi kubwa, kila neno na maana yake kwa Kiswahili. Nafasi ya Kilingala iache wazi, wajaze wao.

Ruhusa itafutwe mapema. Nenda kwa chama chao na kwa chifu wa kartie ukiwa na barua fupi kwa Kifaransa inayoeleza siku, saa, mahali na majina ya walimu. Unaweza kuitaja Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Ukiambiwa mkutane ndani ya kambi, Vangu au nyingine, utahitaji ruhusa ya komanda, na simu zenye kamera zitakuwa shida. Ukumbi wa parokia au chumba cha shule nje ya kambi ni bora zaidi, kwa sababu hata aliyeachana vibaya na jeshi ataweza kuingia.

Suala la nauli liseme siku ya kwanza, wazi, mbele ya wote. Kama kuna pesa ya usafiri, taja kiasi. Kama hakuna, sema hakuna. Darasa nyingi huvunjika wiki ya tatu kwa sababu watu walidhani kuna kitu kinakuja. Na usiahidi kazi.

Chumba, meza, njia ya kuingilia

Chukua futi ya fundi uende kupima kabla ya kukubali ukumbi. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 angalau, 90 ni nzuri zaidi. Mbele ya ngazi weka mbao ya kupandia yenye mwinuko wa 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 15 kinataka mbao ya sentimita 180. Mbao fupi huonekana inatosha mpaka kiti cha magurudumu kirudi nyuma na mtu ndani yake. Chini ya meza kuwe na nafasi ya sentimita 70 kutoka sakafuni, bila ubao wa kugonga magoti.

Baisikeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono haiingii chini ya meza yoyote. Mwenyewe atahamia kwenye kiti cha kawaida, kwa hiyo uwe na kiti kizito kisichoteleza, chenye mikono. Baisikeli yake ikae anapoiona. Ndiyo miguu yake; ikiwekwa uani asipoiona, akili yake yote itakuwa uani.

Meza zipange kandokando ya kuta kwa namna ambayo kila mtu anaona mlango na hakuna anayepitwa nyuma ya mgongo. Mlango ubaki wazi. Kwa wengi waliotoka vitani, mtu anayetokea nyuma ghafla, kiti kinachoanguka au jenereta inayopiga mlipuko vinatosha kuharibu siku nzima. Jenereta ikitumika, iwe mbali na dirisha, na useme kwa sauti kabla ya kuiwasha. UPS, yaani betri za kushikilia mashine, nazo hulia umeme ukikatika. Waonyeshe mlio huo siku ya kwanza ili usiwashtue baadaye.

Umeme

Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, itakuja, basi fanya hesabu kabla. Laptopu moja ya kawaida hula wati 45 hivi. Laptopu 6 kwa saa 3 ni wati-saa 810. Betri moja ya asidi ya volti 12 na Ah 200 ina wati-saa 2,400, ila usitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa ndani ya miezi. Nusu hiyo ni 1,200. Inveta nayo hupoteza asilimia 15 hivi, unabaki na 1,020 hivi. Inatosha, lakini printa ya leza usiichomeke hapo: inapopasha joto huvuta mamia ya wati kwa mara moja na inveta hujizima, ikizima darasa lote.

Masika, Novemba hadi Machi, ng'oa waya ukutani radi inapoanza, wala usitegemee regulateri (kifaa cha kutuliza umeme) peke yake. Kiangazi kina vumbi jekundu. Funika mashine kwa kitambaa na upulize feni kila wiki mbili. Laptopu inayojizima baada ya dakika 20 mara nyingi haina virusi: feni imeziba.

Ralonji, waya za kurefusha umeme, zipite ukutani, zimebanwa kwa gundi ya plasta. Waya uliolala njiani unaangusha mwenye magongo, na unamnasa asiyeona.

Wanafunzi 6, walimu 2 na mtu mmoja wa umeme na mlango: hicho ndicho kipimo. Saa 2 kwa kikao, mapumziko ya robo saa katikati, mara 2 kwa wiki, wiki 8. Mwenye jeraha la uti wa mgongo hahisi anapoumia, hivyo ajinyanyue au ahamishe uzito kila dakika 15 hadi 30. Weka saa ya ukutani na umkumbushe kwa ishara mliyokubaliana, si kwa kutangaza.

Kuirekebisha mashine ifuate mwili

Usianze na programu. Anza na dakika 40 za kukaa na kila mtu peke yake, siku ya kabla ya darasa, mkijaribu vitu.

Kibodi kwanza. Laptopu za mitumba zinazofika Lubumbashi huchanganyika: nyingine ni AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, nyingine QWERTY, wa Kiingereza. Ctrl+Z ya kufuta kosa iko mahali tofauti kabisa, na ukifundisha kwa kusema “kitufe cha chini kushoto” nusu ya darasa itafunga faili badala ya kurudisha kazi. Chagua aina moja kwa darasa zima. Ukishindwa, bandika vipande vya plasta vyenye herufi kubwa.

Mwenye mkono mmoja hawezi kubana Ctrl, Shift na herufi kwa pamoja. Katika Windows bonyeza Shift mara 5 mfululizo (kwenye AZERTY nyingi ni mshale mnene unaoelekea juu), kubali, na tangu hapo vitufe hubonyezwa kimoja baada ya kingine. Wengi huwasha kitu hiki bila kujua kisha hudhani kibodi imeharibika: vitufe viwili vikibonyezwa kwa pamoja hujizima chenyewe, kulingana na mpangilio. Aliyebaki na mkono wa kushoto mwekee kipanya kushoto na ubadilishe kitufe kikuu kwenye mipangilio. Punguza kasi ya kishale hadi karibu na mwanzo.

Mkono unaotetemeka hubonyeza herufi mara tatu tatu. Shikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, mashine itaanza kupuuza miguso mifupi. Kipanya kikishindikana kabisa, washa kipanya cha namba: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja. Kisha 8, 2, 4 na 6 hukisogeza kishale, 5 hubonyeza, 0 hushika kitu ili kiburutwe, na nukta hukiachia. Laptopu ndogo hazina namba pembeni, kwa hiyo nunua kibodi ya nje.

Anayeandika kwa kigutu anaweza kufungiwa kijiti chenye ncha ya mpira kwa kipande cha mpira wa ndani wa baisikeli, upana wa sentimita 4. Usikaze. Fungua baada ya dakika 15 mtazame ngozi pamoja. Ikiwa na alama nyekundu isiyopotea, acha siku hiyo. Kidonda kwenye kigutu kinaweza kumzuia mtu kuvaa kiungo chake cha bandia kwa wiki kadhaa, na hakuna mchoro wenye thamani hiyo. Juu ya kibodi unaweza kulaza ubao mwembamba uliotobolewa tundu juu ya kila kitufe. Fundi wa mbao anautengeneza kwa siku moja.

Mtu akikunja uso na kushika mguu usiokuwepo, hajifanyi. Maumivu ya kiungo kilichokatwa ni ya kweli na huja bila hodi. Muulize kwa sauti ya chini: “Papa, tupumzike ao tuendelee?” Kisha ufuate jibu lake.

Somo la kwanza: msalaba wa shaba

Kikao cha kwanza kiishe na karatasi mkononi. Ndiyo maana tunapendekeza Inkscape, programu ya kuchora, na msalaba mdogo wa shaba wa Katanga, ule uliokuwa fedha kabla ya ukoloni. Kila mtu mjini anaujua, na unaweza kuchorwa kwa namba tupu, bila mkono uliotulia. Inkscape ni ya bure. Ipakue nyumbani, uilete kwenye flashi, maana intaneti ya ukumbini haitakungoja.

Bonyeza R. Buruta mstatili wowote, hata ukubwa usipokuwa sawa. Sasa nenda juu kwenye visanduku vya upana na urefu, chagua mm, andika 20 na 100. Mstatili unajinyoosha wenyewe. Hapa mwenye mkono unaotetemeka huona kwa mara ya kwanza kwamba mstari wake umetoka sawa na wa mwingine yeyote; mpe muda autazame.

Ctrl+D hutoa nakala juu ya ile ya kwanza, kwa hiyo skrini haibadiliki na watu hubonyeza tena na tena. Waambie mapema: mara moja tu. Kisha kwenye menyu ya Objet chagua kuzungusha digrii 90. Njia ya mkato ni Ctrl na mabano ya mraba, ila kwenye AZERTY mabano hayo yanadai AltGr, vidole vinakuwa vingi; tumia menyu. Msalaba umetokea. Ctrl+A kuchukua vyote viwili, Ctrl na alama ya kujumlisha kuviunganisha kuwa kitu kimoja, halafu Ctrl+Shift+M, sehemu ya kuzungusha, andika 45. Rangi: Ctrl+Shift+F, kwenye kisanduku cha msimbo andika b87333, ndiyo rangi ya shaba.

Jambo moja la kuangalia. Msalaba mmoja ni urithi wa wote. Misalaba mitatu kwenye rangi nyekundu, nyeupe na kijani ni bendera ya Katanga iliyojitenga, 1960 hadi 1963, na ndani ya chumba chenye watu wa majeshi tofauti hiyo si mapambo. Mwenye kuchora ana haki ya kuchagua, lakini isitundikwe ukutani bila wewe kujua maana yake.

Hifadhi mara mbili: faili ya SVG ya kuendelea kufanyia kazi, na PDF ya kuchapisha. Ukiongeza maandishi, jina la mwenye kazi kwa mfano, yageuze kuwa umbo kwa Ctrl+Shift+C kabla ya kupeleka faili kwenye kibanda cha kuchapisha. Mashine ya pale mara nyingi haina herufi ulizotumia, hivyo ukipeleka SVG bila kuyageuza jina litatoka na sura nyingine. Na kwenye mapendeleo ya Inkscape weka kujihifadhi kila dakika 2, kwa sababu laptopu ya mitumba yenye betri iliyokufa huzimika palepale umeme unapokatika.

Kutoka hapo vikao vinne vinaenda kwenye kadi ya mwaliko wa harusi, viwili kwenye bango la duka. Ni kazi zinazotafutwa kila juma kwenye komuni za mji, Kenya, Katuba na Kamalondo, na mtu anaweza kuzifanya akiwa nyumbani.

Asiyeona, na kazi ya sauti

Mlipuko wa bomu la ardhini huchukua macho kama unavyochukua miguu. Asiyeona usimweke pembeni “asikilize”. Mpe Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, pamoja na NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini inayoweza kukaa kwenye flashi. Ndani yake kuna sauti ya Kiswahili na ya Kifaransa. Chagua ya Kifaransa kwa ajili ya menyu: ya Kiswahili ikisoma maneno ya Kifaransa hayasikiki kuwa lugha yoyote, na mtu atadhani tatizo ni masikio yake. Kasi iweke chini, muongeze kidogo kila kikao.

Bandika tone la gundi lililokauka juu ya Space, R na kitufe cha kufuta. Hizo tatu zinatosha siku ya kwanza: R kurekodi, Space kusimamisha na kucheza. Ashike mikrofoni mwenyewe, upana wa kiganja kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili “p” na “b” zisivume kwenye mikrofoni. Lazima avae hedfoni, la sivyo sauti ya NVDA itaingia kwenye rekodi. Sikio moja liwe wazi ili akusikie, na ili asijihisi amefungiwa.

Kukata kosa kunafanyika hivi: anacheza rekodi, anaposikia mwanzo wa kosa anabonyeza [, mwisho wake anabonyeza ], anasimamisha kwa Space, anafuta. Mabano haya tena yanasumbua AZERTY. Ingia kwenye mapendeleo ya kibodi uyahamishie kwenye vitufe viwili visivyo na kazi. Akifuta huku sauti bado inacheza, hakuna kitakachotokea, na hili ndilo swali utakaloulizwa zaidi.

Mvumo wa jenereta uondoe hivi: kabla ya kusema arekodi sekunde 2 za ukimya. Achague hizo, achukue sampuli ya kelele, kisha achague yote na kupunguza kwa dB 12. Ukipandisha hadi 24 sauti ya mtu inakuwa kama iko ndani ya ndoo. Rekodi ya MP3 ya kbps 128 ni MB 1 hivi kwa dakika, inatumwa kwa simu bila taabu. Matangazo ya duka, salamu za sikukuu, hadithi kwa wajukuu, vyote vinafaa.

Aliyeharibiwa masikio na mizinga yeye msogeze kwenye michoro na video zenye maandishi. Zungumza ukimtazama, si ukiandika ubaoni. Mwenye mlio masikioni asivae hedfoni zaidi ya dakika 20.

Mambo ya vita yakijitokeza kwenye kazi

Usitoe kamwe zoezi la “chora ulichokiona vitani”. Wengine watalileta wenyewe, na ni lao. Likija, kaa karibu, usilisifu kupita kiasi wala usiulize maswali. Uliza tu kama anataka kuendelea, kulihifadhi au kulifuta. Kuwe na mtu mmoja mliyekubaliana naye mapema, daktari, mchungaji au mshauri, ambaye utamwita mambo yakizidi. Wewe si mganga wa nafsi na hutakiwi kujaribu.

Picha za kambi, sare za sasa, silaha au wenzao walio kazini zisiingie kwenye kompyuta za darasa. Picha za simu hubeba mahali zilipopigwa ndani ya faili. Zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya zoezi lolote la picha. Na sura ya mwanafunzi usiitume popote ili kuonyesha kazi yako njema bila yeye kuitazama na kukubali, picha moja moja.

Flashi zinazotembea kati ya darasa na vibanda vya kuchapisha hurudi na virusi, faili zikigeuka njia za mkato. Kila mtu awe na flashi mbili za GB 8: moja ya kwenda nje, moja isiyotoka. Ile isiyotoka ina SVG na rekodi asilia, na imefungwa kamba nene au kitambaa ambacho vidole vya mwenyewe vinakitambua. Kikao cha mwisho, kila mmoja anakili faili zake mwenyewe, anachomoa mwenyewe kwa njia salama, na anaandika jina lake kwenye kibandiko, kwa mkono, kwa mdomo au kwa kumtajia herufi anayemchagua.